Mshika Kamba Amekula?

Fundi hakuamini kitu mpaka akigonge. Aligonga papai sokoni, aligonga mtungi wa maji, aligonga mguu wa kiti alichokaribishwa kabla ya kukikalia. Alitumia kifundo cha kidole cha kati, akagonga polepole, kisha akainamisha kichwa na kusikiliza. Akiridhika alisema, "Anaitika," kana kwamba papai ni mtu aliyeitwa kwa jina lake. Asiporidhika hakusema kitu. Alirudisha papai mahali pake, akamuaga muuzaji kwa heshima kubwa kuliko alivyomwamkia, ili asije akadhani amedharauliwa.

Kugonga ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika machimbo tuliyoishi, upande wa Geita, mwanzoni mwa miaka ya themanini, yeye ndiye aliyeweka matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za shimo zisiwaangukie wachimbaji. Shimo lenyewe, linaloshuka wima kama kisima, tuliliita duara. Gogo zima ukiligonga hutoa sauti kavu. Lililochoka hutoa sauti nzito, kama mtu anayejibu huku ana chakula mdomoni. Hayo ni maelezo yake mwenyewe, na sijawahi kusikia yaliyo bora. Wanaume waliobishana kuhusu kila jambo, kuanzia mpira mpaka mambo ya Mungu, hawakubishana na sikio la Fundi. Akisema tokeni, walitoka.

Mimi nilikuwa nesi wa zahanati ndogo ya pale, na mlango wangu ulitazamana na wake. Nilimwona akitoka asubuhi na shoka begani, nilimwona akirudi jioni, na katikati ya hapo niliwaona watu wakimlisha.

Hilo la kulishwa nalieleza vizuri, maana ndilo lililozaa mambo yote. Mtu ambaye uhai wako umekaa kwenye sikio lake, utamwachaje apite mlangoni kwako bila kumkaribisha? Asubuhi alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa mama mmoja njiani. Saa nne alikaribishwa ugali wa muhogo na sato kwa wengine. Mchana alikula kwake, na Mama Kulwa, mkewe, hakupika kwa kipimo cha mtu aliyekwisha kula mahali pengine. Jioni kulikuwa na ugali tena na maziwa ya mgando. Fundi, aliyeweza kumwambia mwenye duara mbele ya watu kwamba shimo lake ni kaburi, hakuweza kumwambia mwanamke yeyote duniani kwamba ameshiba.

Basi akanenepa. Na kwa Wasukuma wenzake hilo lilikuwa jambo la kupongezwa. Mwili wa mume ni habari njema kuhusu mke. Mama Kulwa alipopita sokoni nyuma ya mumewe alitembea kama mtu aliyebeba kikombe cha ushindi. Fundi naye alilipenda tumbo lake. Baada ya chakula aliligonga kwa kile kifundo, akasikiliza, akasema anaitika, na watoto wakaanguka kwa kicheko.

Siku alipokwama hakuna aliyecheka. Duara letu kubwa lilikuwa na sehemu nyembamba katikati, mwamba mgumu pande zote mbili, ambayo wachimbaji waliiita kooni. Chini ya koo ndiko walikofanya kazi, na huko chini matimba ya msimu uliopita yalikuwa yameanza kuchoka. Wachimbaji walisikia udongo ukidondoka kidogokidogo usiku na mchana. Mvua zilikuwa karibu, na kila mtu alijua udongo ukilowa unakuwa na uzito wa namna gani. Fundi akakaa kwenye kitanzi cha kamba kama kawaida yake, akagonga gogo la kuzungushia kamba, akamtazama mshika kamba machoni, akasema maneno aliyoyasema kila mara: "Haya. Teremsha."

Wakamteremsha mpaka kooni. Kamba ikalegea. Alikuwa hapiti.

Walimvuta juu, naye akaenda nyumbani moja kwa moja. Fundi mwingine mwenye sikio kama lake hakuwapo. Kijana yeyote mwembamba angeweza kupita kooni na kupigilia magogo, lakini hakuna aliyeweza kusema ni gogo gani linadanganya. Mvua ingekuja, na watu wangekuwa chini.

Mama Kulwa ndiye aliyenijia. Alisimama mlangoni kwangu mikono kiunoni, akaniambia mume wake hali, tangu jana hajatia kitu kinywani zaidi ya maji, na akipungua watu watasema nini? Watasema simpikii. Nikamwambia aingie akae kwanza. Akakataa kukaa. Alitaka niende sasa hivi nikamwamuru ale, kwa kuwa serikali imenipa koti jeupe.

Nilimkuta Fundi chini ya ukingo wa paa, ananoa shoka lisilohitaji kunolewa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, nesi wangu. Umeshatumwa."

"Nasikia hujala."

"Huyo mwanamke siri haimkai." Akaendelea kunoa. "Ng'ombe wa kwetu Kishapu, kiangazi kikikaza, hupungua bila dawa ya hospitali. Nami nitapungua hivyohivyo."

"Na ng'ombe hao wakilala chini kwa njaa, huwa mnawainuaje?"

"Kwa mkia."

"Sasa wewe nitakushika wapi?"

Aliweka shoka chini akacheka mpaka akashika mbavu, na kutoka ndani ya nyumba nilimsikia Mama Kulwa naye akicheka, ingawa alikuwa ameapa kwamba amenuna.

Tukaongea vizuri baada ya hapo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengi tangu wakati huo, na kama ninavyomweleza yeyote anayenisoma sasa akiwa na nguo isiyofunga kiunoni. Mtu akiacha kula, mwili haukimbilii mafuta yake papo hapo. Kwanza hutumia akiba ya karibu, iliyohifadhiwa kwenye ini na kwenye misuli, na akiba hiyo imeshikamana na maji. Ikitumika, maji nayo hutoka. Utumbo nao unabaki na nafasi. Kwa hiyo siku za mwanzo mtu hupungua haraka, anafurahi, anadhani amepata dawa. Mafuta yenyewe huondoka taratibu, na mfungo ukirefushwa hata nyama ya misuli huanza kuliwa. Akirudi kula kama zamani, maji hurudi, na kiuno hurudi kilipokuwa.

Fundi alisikiliza kama anavyosikiliza gogo. Kisha akauliza swali la mtu wa kazi. Hakutaka kuwa mwembamba maisha yote, alitaka kupita kooni mara moja, abadilishe yale matimba, atoke. Je, hayo maji tu yanatosha?

Nilifikiri nikamwambia yanaweza kutosha. Alikuwa mzima. Sukari hakuwa nayo, vidonda vya tumbo hakuwa navyo, hakuwa na dawa yoyote anayokunywa kila siku, na moyo wake niliusikiliza palepale kwa kifaa changu, naye akataka kujua kama unaitika. Nikampa masharti. Mfungo uwe mfupi. Anywe maji mengi, na uji mwepesi wenye chumvi kidogo kila jioni. Asipasue gogo hata moja wala kukaa juani. Akisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, amwambie mkewe naye aniletee habari bila kuficha. Na siku ya kushuka asishuke na njaa. Atangulie kufungua mfungo kwa uji na kitu laini, si kwa ugali na maziwa ya mgando, apumzike, alale, ndipo ashuke kesho yake.

Alitimiza yote. Hata leo nikimkumbuka namkumbuka kama mgonjwa bora niliyewahi kuwa naye, ingawa hakuwa mgonjwa. Siku ya pili kichwa kilimuuma na alikuwa mkali kwa kuku. Baada ya hapo akatulia, akaniambia jambo lililomshangaza yeye mwenyewe: kwamba saa nne ikifika alikuwa anatamani kula si kwa sababu tumbo linauma, ila kwa sababu ni saa nne. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anaitikia saa. Magoti pia yalikuwa mepesi. Alipanda kilima cha kanisani bila kusimama njiani kujifanya anatazama mashamba.

Sharti moja tu sikumpa kwa kuwa sikulijua. Watu walipomuuliza mbona hupokei chakula chetu, aliona haya. Fundi mzima aseme tumbo limemkwamisha? Akawajibu, "Nina sababu zangu."

Namwomba mtu asiyewahi kuishi machimboni anielewe hapa. Palikuwa na watu wasiooga kabla ya kushuka, wasiopeana mikono siku ya kupasua mwamba, wasiotamka jina la mnyama fulani, na kila mmoja alikuwa na mganga wake aliyempa masharti hayo. Fundi alikuwa Mkatoliki wa benchi la mbele, lakini juu ya mlango wake palikaa kipande cha mzizi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kuulizia. Mtu wa namna hiyo akikataa ugali na kusema ana sababu zake, wachimbaji hawafikirii kiuno.

Fundi akafungua mfungo, akalala, akashuka, akapita kooni akiwa amejipaka majivu ubavuni ateleze. Akagonga kila gogo chini kule. Akabadilisha yaliyokuwa yanadanganya. Akatoka akiwa mweupe kwa vumbi, amechoka, ana furaha. Na wiki hiyohiyo, katika sehemu aliyoiimarisha, wachimbaji wakagonga mwamba wenye dhahabu kuliko yote tuliyowahi kuona pale.

Unaweza kujimalizia mwenyewe. Kabla mvua hazijaanza, nusu ya machimbo ilikuwa haili.

Nilianza kupokea watu zahanati, wanaume wenye misuli, waliozimia juani, waliotapika kwa kunywa dawa za kichwa tumbo likiwa tupu. Mzee mmoja Mwislamu, muuza mafuta ya taa, alikuwa anakuja kunisaidia kuwabembeleza. Aliwaambia hata funga ya Ramadhani inampa ruhusa mgonjwa na msafiri, sasa hii ya kwenu isiyomhurumia mtu mmekwenda kuitoa wapi? Nilipomwambia Fundi, alisema wataacha wakisikia njaa. Tumbo lake lilikuwa limerudi karibu lote, maana sahani zilikuwa zimerudi, na aibu ilikuwa bado iko palepale.

Mshika kamba wa duara letu aliitwa Masanja. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mimi ndiye niliyempa vidonge, na mimi ndiye niliyemfundisha asisahau hata siku moja. Hakusahau. Aliacha kula kama wenzake, na vidonge akaendelea kuvimeza kwa uaminifu. Vidonge vya namna ile kazi yake ni kuishusha sukari ya damuni. Mtu akila, vinaishusha inakotakiwa. Asipokula, vinaishusha tu, mpaka ubongo unakosa cha kuutia nguvu.

Asubuhi moja Fundi alikaa kwenye kitanzi ili akakague matimba ya juu ya koo, akagonga gogo, akamtazama Masanja machoni, akasema teremsha. Aliniambia baadaye kwamba aliona jasho usoni pa Masanja, na kulikuwa na baridi, lakini hakuelewa alichokiona. Katikati ya safari Masanja alianza kuongea mambo yasiyoeleweka, mikono ikatetemeka, akaanguka ubavu. Mwenzake wa upande wa pili hakuweza kulizuia gogo peke yake. Mkono wa gogo ukamponyoka, kamba ikaanza kukimbia.

Fundi akaenda chini, akafika kooni, akakwama.

Tumbo alilolifungia ndilo lililomkamata. Mpaka leo sijui nicheke au nipige magoti. Alining'inia pale, mbavu zimechubuka, anatukana kwa Kisukuma, mpaka wanaume wengine walipofika na kushika kamba.

Mimi, niliyeitwa mbio kutoka zahanati, nilikuwa nimepiga magoti kando ya Masanja. Alikuwa baridi, amelowa, haitiki jina lake. Nilimlaza ubavu, nikaita sukari, na sukari wakati huo ilikuwa ya mgawo na nyumba ya karibu haikuwa nayo. Mama Kulwa akaja mbio na kibuyu cha asali ya msituni. Nilipoanza kumpaka Masanja asali ndani ya shavu, kidogokidogo kwa kidole, mtu mmoja akanishika mkono.

"Nesi, unamuua. Huyu si ana sukari?"

"Alikuwa nayo. Sasa hana kabisa. Niachie mkono."

Akauachia. Nikaendelea kupaka. Baada ya muda, ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko masomo yangu yote ya uuguzi, Masanja alimeza. Kisha akafumbua macho, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Fundi amefika?"

Fundi alikuwa amefika. Alikuwa amesimama nyuma yangu, shati limechanika, damu tumboni, na alikuwa amesikia swali lile. Aliwatazama watu wote waliokuwa wamekusanyika, na nikaona anapambana na kitu kigumu kuliko mwamba.

"Sikutumwa na mganga," alisema. "Nisikilizeni vizuri. Sikufunga kwa ajili ya dhahabu. Nilifunga kwa sababu tumbo lilikuwa halipiti. Hili hapa. Leo pia halikupita, mmeona wenyewe."

Halafu mtu mmoja nyuma akasema taratibu kwamba kweli, limeonekana, na kicheko kikaanza kwake kikaenea mpaka kwa Masanja aliyelala chini, na mpaka kwa Fundi, aliyecheka huku ameshika mbavu kwa maumivu. Sijawahi kumwona mtu akishuka cheo mbele ya watu na kuinuka hapohapo namna ile.

Ni wazi kwamba wako waliosema anaficha. Hao hawakosekani. Fundi alipojua, hakuwabishia tena. Aliweka sharti jipya: hakuna kushika kamba ya duara lake mpaka yeye amwone mshika kamba akila, kwa macho yake. Waliouliza kwa nini aliwaambia ana sababu zake, safari hii akitabasamu. Nilimwambia huko ni kuwaacha waamini uganga. Akanijibu kwamba nesi anatibu kwa asali na yeye anatibu kwa alichonacho. Nikamwacha, na kwa kweli tangu hapo sikupokea mshika kamba aliyezimia.

Yeye mwenyewe alipungua baadaye, kwa njia niliyokuwa nimemwombea tangu mwanzo. Alijifunza kusema ameshiba. Ilimchukua muda mrefu, na mara ya kwanza alimwambia mama wa michembe akiwa ametazama pembeni kama anayeungama. Akaacha chakula cha saa nne, ugali wa jioni akaupunguza, akawa anakwenda kwa miguu kuchagua miti badala ya kupanda lori. Mama Kulwa aliomboleza kila tundu jipya la mkanda. Lakini kooni alikuwa anapita.

Miaka ikaenda. Mimi nikahamishiwa Kahama, nikapanga chumba mtaa wa Nyahanga, nikafanya kazi hospitalini, katika wodi ya wanaume. Mwishoni mwa miaka ya themanini, asubuhi, nikapokea zamu, nikasikia kitanda cha pembeni kinagongwa. Chuma, polepole, kwa kifundo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, nesi wangu. Wamekuzeesha huku."

Alikuwa amekuja kupasuliwa ngiri. Nywele zilikuwa nyeupe, mabega bado ni yale ya shoka. Mama Kulwa aliketi kwenye mkeka na kikapu chake, amenuna, kwa kuwa tangu jana jioni walikuwa wamemkataza mumewe kula. Nikawaeleza sababu: mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu, na hapo hakuna fundi. Mfungo huu una kazi yake, una mwanzo na mwisho, na kuna watu wanaomlinda. Fundi akasema hilo ameelewa, yeye na kufunga wanafahamiana. Kisha akaniita karibu kwa kidole.

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Atakayenishikia kamba. Amekula?"

Nilikwenda kumwuliza daktari. Alikuwa ametoka kwenye upasuaji mwingine ulioanza alfajiri, na chai yake ilikuwa imepoa dirishani bila kuguswa. Alisema atakunywa baadaye. Nikamwambia mgonjwa wangu hashuki mpaka amwone akila. Akanitazama, labda akaniona simtanii, akanifuata. Mama Kulwa alifungua kikapu bila kuambiwa, akamtolea michembe iliyochemshwa na karanga, na daktari akala amesimama mlangoni mwa wodi, kwanza kwa adabu, kisha kwa njaa ya kweli, mpaka akafuta vidole.

Fundi alimtazama mpaka mwisho, alivyokuwa akimtazama Masanja. Halafu akalala chali, akagonga chuma cha kitanda, akainamisha kichwa kwenye mto kusikiliza.

"Haya," alisema. "Teremsha."